Chuma Kitupu na Kutu: Jinsi ya Kulihifadhi Gari Kuukuu Linapofanywa Upya

Katika vijiji vingi vya nchi zetu za Afrika ya Mashariki utaona gari kuukuu limesimama chini ya mwembe, na mara nyingi gari hilo ni Land Rover. Mwenyewe hataki kuliuza kuwa chuma chakavu, maana lilimfaa baba yake, na injini yake ingali nzima. Siku moja baada ya mavuno apata fedha kidogo, amwita fundi, na kazi ya kulifanya upya yaanza. Rangi yote yakwanguliwa, kutu yasuguliwa, na jioni ile chuma chang'aa kama sahani ya fedha. Majirani waja kutazama na kusifu. Kisha fedha zaisha. Fundi aenda zake kutafuta kazi penginepo, mvua za masika zaanguka, na baada ya miezi mitatu gari lile ni jekundu kuliko lilivyokuwa kabla halijaguswa.

Jambo hili halitokei kwa sababu ya uvivu, bali kwa sababu ya kutojua. Rangi ya zamani, hata ikiwa mbaya na yenye nyufa, ilikuwa nguo ya gari. Mtu aliyeivua hali hana nguo nyingine mkononi ameliacha gari uchi mbele ya adui wake. Wala hasara yake si ya fedha tu. Chesisi iliyoliwa na kutu hukatika njiani. Bomba la breki lililoliwa na kutu hupasuka siku ile dereva akanyagapo breki kwa nguvu mteremkoni, na huenda siku ile ndani ya gari wamo watoto wa shule, au mama mjamzito apelekwaye hospitali. Kwa hiyo twataka kuwaeleza wasomaji wetu kutu ni kitu gani, na mambo gani yampasa kuyafanya kila mtu anayetaka kuvua rangi ya gari kuukuu, ili kazi yake isipotee bure.

KUTU HUTOKA WAPI

Watu wengi hudhani ya kuwa kutu huletwa na maji peke yake. Sivyo. Chuma hupata kutu vitu viwili vikikutana juu yake, yaani maji na oksijeni, ile sehemu ya hewa tunayoivuta ili tuishi. Kimoja kikikosekana, kutu haipatikani.

Mwalimu aweza kuwaonyesha wanafunzi wake jambo hili kwa misumari minne na chupa nne. Kwanza aisugue misumari kwa msasa hata ing'ae. Katika chupa ya kwanza atie msumari na maji ya kawaida, na mdomo wa chupa auache wazi. Katika chupa ya pili atie maji yaliyochemshwa sana na ambayo yangali ya moto, kisha amimine mafuta juu yake, ili hewa isirudi majini. Katika chupa ya tatu asitie maji, bali atie vile vifuko vidogo vya kunyonya unyevu ambavyo huwekwa katika maboksi ya viatu vipya, kisha aizibe sana. Katika chupa ya nne atie maji yenye chumvi. Baada ya juma moja watakuta ya kuwa msumari wa kwanza na wa nne imeshika kutu, tena ule wa maji ya chumvi aghalabu umeharibika zaidi. Lakini ule uliokosa hewa na ule uliokosa maji ingali ikimetameta. Somo lote la kuhifadhi gari limo katika chupa hizo nne.

Sasa natuangalie kazi hii inavyotendeka. Wenye elimu wamegundua ya kuwa kutu ni kazi ya umeme mdogo sana. Tone la maji likikaa juu ya bati, ukingoni mwake mna oksijeni nyingi kwa kuwa hewa iko karibu, na katikati yake mna oksijeni kidogo. Tofauti hiyo yatosha kulifanya tone kuwa kama betri ndogo. Chuma cha katikati hutoa chembe za umeme, nacho chenyewe huyeyuka kidogo kidogo. Chembe zile hupita ndani ya chuma mpaka ukingoni, na huko hukutana na oksijeni na maji. Ndiyo sababu ukilifuta tone lililokaa siku nyingi utakuta kishimo katikati yake. Na ndiyo sababu gari huoza kwanza mahali pasipoonekana: chini ya tope lililoganda, katika mikunjo ya bati, na nyuma ya raba za milango, maana huko maji hukaa na hewa ni haba.

Chumvi huzidisha ubaya huu, kwa kuwa maji ya chumvi hupitisha umeme upesi kuliko maji matupu. Kwa hiyo gari la Mombasa, Tanga, Unguja au Lindi huoza mapema kuliko gari la Dodoma, hata kama yametoka kiwandani siku moja. Hewa ya pwani huchukua chembe za chumvi kutoka baharini, tena unyevu wake mara nyingi hupita asilimia 70, hali chuma kitupu huanza kushika kutu upesi unyevu upitapo kama asilimia 60. Yaani huko pwani chuma kitupu chaweza kushika kutu ndani ya nyumba, bila tone moja la mvua.

Tena kutu haifanani na ngozi ya aluminiamu. Aluminiamu ikipatwa na hewa hufanya utando mwembamba ulioshikana sana, na utando huo huilinda. Kutu ya chuma ina vitundu, hunyonya maji kama sifongo, nayo hufura ikachukua nafasi kubwa kuliko ya chuma kilichokuwapo. Kwa hiyo huisukuma rangi iliyo juu yake, na kupasua hata mshono wa mabati mawili. Mtu apakaye rangi juu ya kutu ametandika mkeka juu ya siafu.

MFANO WA LAND ROVER

Gari hili lilionyeshwa mara ya kwanza katika maonyesho ya magari ya Amsterdam mwezi wa Aprili, 1948. Wakati ule, baada ya vita, chuma kilikuwa haba katika Uingereza na kiligawiwa kwa kipimo. Kwa hiyo watengenezaji walitumia aluminiamu kwa sehemu kubwa ya bodi. Lakini chesisi ilikuwa ya chuma, na ukuta ule ulio baina ya injini na miguu ya dereva ulikuwa wa chuma pia. Gari la namna ile ya zamani liliendelea kutengenezwa, kwa mabadiliko mengi, mpaka mwezi wa Januari, 2016.

Watu wengi husikia ya kuwa bodi yake ni aluminiamu, wakadhani halina haja ya kuangaliwa. Kumbe hatari yake imejificha. Chesisi yake ni kama sanduku refu lenye uwazi ndani. Tope na maji huingia kwa matundu, hukaa ndani, na kutu hula kutoka ndani kuja nje. Kwa nje huonekana rangi nyeusi iliyo nzima. Mtu akigonga kwa nyundo ndogo, mahali pazima hulia kama kengele, na mahali palipooza hutoa sauti butu. Basi kabla ya kununua rangi, na kabla ya kuvua hata shubiri moja, igongeni chesisi yote, hasa ule mti wa nyuma upitao upande kwa upande, na ile mikono ishikayo bodi. Palipooza pakatwe na kuchomelewa bati jipya. Rangi haitengenezi chuma kilichokwisha.

Tena mahali aluminiamu inapogusana na chuma, maji ya chumvi yakiwapo, betri nyingine hufanyika, na huko aluminiamu ndiyo iliwayo. Kwa hiyo wakati wa kuyarudisha mabati, tieni baina yake kipande cha raba, au rangi nzuri pande zote mbili, ili madini hayo mawili yasigusane.

KANUNI YA KWANZA: USIVUE USICHOWEZA KUKIVIKA

Kanuni hii ndiyo kubwa kupita zote. Usivue rangi ya gari zima kwa siku moja. Chagua sehemu moja, mlango au ubavu mmoja wa chesisi. Ivue asubuhi, isafishe, na kabla jua halijatua uwe umeipaka rangi yake ya kwanza. Kesho shika sehemu nyingine. Mtu afanyaye hivi, fedha zikimwishia katikati ya kazi, gari lake lina sehemu zilizovikwa nguo mpya na sehemu zingali na nguo ya zamani. Lakini hakuna sehemu iliyo uchi.

Kwa hiyo nunueni rangi ya kwanza, yaani praima, kabla ya kununua msasa. Jambo hili laonekana kama kutanguliza mwisho, lakini ndiyo akili. Na kama mwaweza kuchagua majira, fanyeni kazi ya kuvua rangi katika miezi ya kiangazi, wala si katika masika.

KUSAFISHA NA KUONDOA KUTU

Kwanza oshe grisi na mafuta kabla ya kusugua. Mtu akisugua chuma chenye grisi, msasa huisindilia grisi ndani ya mikwaruzo, na rangi haitashika. Tumieni sabuni na maji ya moto kwa tope, kisha thina au dawa ya kuondolea grisi kwa kitambaa safi, na palepale futeni kwa kitambaa kingine kikavu kabla dawa haijakauka yenyewe. Kitambaa kimoja hakitoshi, maana hicho kimoja hutandaza uchafu tu.

Kisha kutu iondolewe kwa brashi ya waya, kwa tupa na kwa msasa. Msasa wa namba 80 mpaka 120 wafaa. Huacha mikwaruzo midogo ambayo rangi yapata kuishika. Chuma kilichong'arishwa mno kama kioo hakishiki rangi vizuri.

Vipande vidogo vilivyojaa kutu vyaweza kusafishwa kwa njia mbili zisizohitaji nguvu nyingi. Njia ya kwanza ni molasi, ile asali nyeusi ya viwanda vya sukari. Changanya sehemu 1 ya molasi na sehemu 9 za maji katika pipa la plastiki, kitumbukize chuma chote, ukiache juma moja au mawili. Molasi huishika kutu na kuitoa. Lakini usitie aluminiamu wala kitu chenye zinki, maana vitaliwa.

Njia ya pili ni magadi na umeme wa betri. Katika ndoo ya plastiki tia maji, na kwa kila lita 4 za maji tia kijiko kikubwa kimoja cha magadi yaliyosafishwa, yale ya kufulia nguo. Magadi mabichi ya mawe yatokayo ziwani yana chumvi ndani yake, hayafai kwa kazi hii. Twaa mashine ya kuchajia betri ya volti 12. Waya wa hasi ufungwe katika kipande chenye kutu, na waya wa chanya ufungwe katika chuma chakavu kisichogusana na kile cha kwanza. Ukigeuza nyaya hizi, kipande chako ndicho kitakacholiwa, basi angalia mara mbili kabla ya kuwasha. Usitumie chuma kisichoshika kutu kwa upande wa chanya, kwa sababu hutoa sumu kali ndani ya maji. Tena kazi hii hutoa gesi ya hidrojeni, ambayo hulipuka. Ifanywe uwanjani, mbali na moto na sigara, na umeme uzimwe kabla ya kushika nyaya. Springi na bolti za chuma kigumu zisisafishwe kwa njia hii wala kwa asidi, maana hidrojeni huingia ndani yake na kuzifanya zivunjike kwa ghafula.

Kitu chochote kilichotoka majini kikaushwe mara moja. Kwa mwali mwembamba wa kutu ya rangi ya chungwa, dakika chache zatosha. Kipulizeni kwa hewa, kianikeni juani, au kipasheni moto kidogo, kisha endeleeni bila kukawia.

Katika miji mikubwa kuna mafundi watumiao mashine ya kupiga chuma kwa mchanga. Kazi ile ni njema kwa chesisi, lakini mabati membamba ya bodi hupinda kwa pigo na joto lake. Kamwe msikubali mchanga wa pwani utumike. Chumvi yake hubaki katika chuma, na vumbi lake huharibu mapafu ya fundi kwa ugonjwa usio na dawa. Yako makombo ya madini na ya vioo yaliyotengenezwa kwa kazi hiyo, na hayo ndiyo yafaayo.

DAWA ZA KUGEUZA KUTU

Hata baada ya kusugua sana, katika vishimo vidogo hubaki kutu kidogo. Hapo ndipo ifaapo asidi ya fosforiki. Asidi hii huigeuza kutu kuwa kitu kingine kigumu cha rangi ya kijivu au nyeusi, kishikanacho na chuma. Elimu hii si mpya: Mwingereza aitwaye Thomas Watts Coslett alipewa hati ya ugunduzi wa namna hiyo katika mwaka 1906, na viwanda vya magari duniani hutumia kazi ya jamii hiyo hata leo kabla ya kupaka rangi.

Dawa nyingine ni tanini, ile ile iliyomo katika magome yatumiwayo kulainishia ngozi, kama magome ya mkoko wa Rufiji na Lamu, na ya miti ya wati ya nyanda za juu. Tanini ikikutana na chuma hufanya kitu cheusi. Kwa jambo hilo watu wa kale walipata wino wao. Dawa nyingi za kugeuza kutu zinazouzwa madukani zina tanini ndani yake. Lakini zote mbili zafaa kwa kutu chache iliyoshikana tu. Haziwezi kitu juu ya kutu nene yenye maganda, wala zenyewe si rangi. Lazima zifunikwe.

Tena angalieni jambo moja liwakoseshalo mafundi wengi. Asidi ikibaki juu ya chuma, baadhi ya rangi za epoksi hazishiki vema. Kwa hiyo someni maneno yaliyoandikwa katika kopo la rangi na la dawa. Ikiwa yaagiza kusuuza, suuzeni na kukausha. Ikiwa yakataza kuchanganya, msichanganye.

RANGI YA KWANZA

Si kila praima huzuia maji. Ile ya kijivu ya bei nafuu, ambayo husuguliwa upesi, ina vitundu; maji hupenya mpaka kwenye chuma. Mtu aachaye gari lake miezi mingi katika praima ile peke yake adhani amelivika, kumbe amelivika chandarua. Hali kadhalika puti, ile dawa ya kujazia mabonde: hunyonya unyevu, na ikiwekwa juu ya chuma kitupu kutu hukua chini yake.

Praima ifaayo ni ile ya epoksi, ambayo huja katika makopo mawili na kuchanganywa siku ya kazi. Hiyo ikikauka hufunga mlango wa maji na hewa. Ipakwe juu ya chuma safi, mara mbili, kisha puti na rangi nyingine zifuate juu yake. Lakini hata epoksi ina mipaka. Jua huiharibu ikawa kama unga, kwa hiyo isiachwe juani miezi mingi bila rangi ya juu. Tena siku zilizoandikwa katika kopo zikipita, lazima isuguliwe kidogo kabla ya kupakwa rangi nyingine, la sivyo itabanduka.

Yafaa pia kutaja zinki. Zinki ikiungana na chuma, yenyewe hukubali kuliwa kwanza, na chuma husalimika hata kama pana mkwaruzo. Mfaransa Stanislas Sorel alipewa hati ya njia ya kuchovya chuma katika zinki iliyoyeyushwa mwaka 1837, na mabati ya nyumba zetu ni matunda ya elimu hiyo. Mwenye uwezo aweza kununua chesisi ya Land Rover iliyokwisha kuchovywa hivyo. Asiye na uwezo aweza kutumia rangi yenye unga mwingi wa zinki, hasa mahali palipochomelewa, mradi aipake juu ya chuma kitupu kilicho safi kabisa.

Msipake rangi alfajiri, wala baada ya mvua, hali bati lingali baridi. Bati baridi hushika umande usioonekana kwa macho. Kanuni ya wapakaji rangi ni kwamba joto la chuma lizidi angalau kwa digrii 3 za sentigredi lile joto ambalo umande hutokea. Mtu asiye na kipimo angoje mpaka jua limekausha nyasi na bati limekuwa na vuguvugu mkononi. Lakini asiliguse kwa kiganja kitupu, maana jasho lina chumvi, na alama za vidole huonekana kwa kutu baada ya siku chache. Avae glovu.

KAZI IKISIMAMA

Tuseme jambo limetokea, na chuma kitupu hakiwezi kupakwa rangi leo. Basi kipakwe mafuta, ili maji na hewa visikifikie. Mafuta ya injini mapya, grisi nyepesi, nta, au mafuta ya sufu ya kondoo yote yafaa kwa muda, hasa kwa vitu ambavyo havitapakwa rangi. Mafuta ya injini yaliyokwisha kutumika hayafai, maana yana asidi na uchafu, tena hudhuru ngozi. Lakini jueni ya kuwa mafuta ni adui wa rangi. Siku ya kupaka rangi hayana budi kuondolewa yote kwa dawa ya grisi. Msitumie dawa yenye silikoni karibu na bodi, kwani kidogo chake chatosha kuifanya rangi ikatae kushika.

Wala msilifunike gari kwa nailoni iliyobana. Mchana unyevu wa udongo hupanda, usiku hugeuka umande chini ya nailoni, na kutu hustawi kama uyoga. Liwekeni chini ya paa, juu ya magogo au sakafu kavu, na upepo upite pande zote.

NDANI YA CHESISI

Kazi isiyoonekana ndiyo ihifadhiyo uhai wa watu. Baada ya rangi zote za nje kukauka, pulizeni nta au mafuta mazito ya kuzuia kutu ndani ya chesisi, kwa mpira mwembamba upitao katika matundu, mpaka mwone yakitoka upande wa pili. Matundu ya chini ya kutolea maji yasizibwe kamwe. Nayo yazibuliwe kila mwaka kabla ya masika. Mabomba ya breki yaliyoshika kutu yasisuguliwe na kupakwa rangi, bali yabadilishwe. Yako mabomba ya shaba iliyochanganywa na nikeli ambayo hayashiki kutu.

HATARI KWA WAFANYA KAZI

Rangi za magari ya zamani huenda zina risasi. Vumbi lake ni sumu, tena hudhuru watoto kuliko wazima. Kwa hiyo watoto wasicheze karibu, na fundi avae kinyago, na nguo zake zisifuliwe pamoja na za nyumba. Petroli isitumiwe kuoshea vyuma: mvuke wake hutambaa chini na kuutafuta moto. Kuchomelea bati lenye zinki hutoa moshi uletao homa. Kazi hiyo ifanywe mahali penye upepo. Vitambaa vilivyoloa mafuta ya kitani vitandazwe nje vikauke, maana vikirundikwa huweza kuwaka vyenyewe.

Mnara wa Eiffel ulioko Paris ulifunguliwa mwaka 1889, nao ni wa chuma tangu chini hata juu. Umesimama mpaka leo kwa sababu watu wake huupaka rangi tena kila baada ya miaka kama 7. Chuma cha mnara ule si bora kuliko chuma cha gari lililo chini ya mwembe. Tofauti ni mikono iuangaliayo. Basi kila mwenye gari kuukuu, na kila mwalimu afundishaye vijana kazi za mikono, akumbuke yale maneno ya wazee, usipoziba ufa utajenga ukuta. Ubavu mmoja wa chuma uliosafishwa asubuhi na kupakwa rangi jioni una faida kuliko gari zima lililong'aa siku moja na kuachwa kwa mvua.